Nilivyobadilisha mauntingi za Land Rover uani kwangu, na makosa ya kuepuka

Gari langu ni Land Rover Defender 110 ya mwaka 1996, injini ya 300Tdi, dizeli ya lita 2.5 yenye silinda nne. Ninakaa Karatu, na shamba langu la vitunguu liko Mang'ola, kule bondeni karibu na Ziwa Eyasi. Anayeijua barabara ile hahitaji kuelezwa: mawe, makorongo, vumbi laini kama unga, na vilima ambavyo ukikosea gia unarudi nyuma na mzigo wako. Gari hili limenibebea vitunguu misimu tisa. Msimu uliopita likaanza kugonga.

Kila nilipoachia klachi ili niondoke nilisikia "gu!" moja nzito chini ya miguu. Nikiondoa mguu kwenye mafuta ghafla, "gu!" nyingine. Mkono wa gia ukawa unaruka wenyewe kila ninapokanyaga mafuta na kuachia. Na nikizima gari, injini haikutulia mara moja kama zamani, ilijitikisa mara tatu nne kama mbwa aliyetoka mtoni, ndipo ikanyamaza.

Ilikuwa mauntingi, yaani ule mpira ambao injini inaukalia juu ya chesi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Kuubadilisha si kazi ngumu sana, mtu mwenye spana za kawaida na subira anaweza kuifanya nyumbani. Lakini mimi nilitumia wiki tatu kutafuta ugonjwa mahali ambapo haukuwapo, nikapoteza fedha, na katika kutafuta huko nikakaribia kumvunja mguu mtoto wa dada yangu. Ndiyo sababu naandika.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa krosi za propela, yaani viungio vya ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Haikuwa dhana ya ajabu, maana krosi ikichakaa nayo hugonga gari linapoondoka. Niliingia chini, nikashika propela ya nyuma, nikaizungusha huku na huku, nikaona inacheza. Nikahukumu hapo hapo. Sasa najua kwamba Land Rover ya umri ule lazima iwe na uchezaji fulani, wa kwenye difu (gia zilizo katikati ya ekseli) na wa kwenye giaboksi ndogo (ile inayogawa nguvu mbele na nyuma), na uchezaji ule unaufikia mkono wako hata kama krosi ni nzima kabisa. Krosi inapimwa kwenye krosi yenyewe: unashika pande zake mbili, unazipinda moja kulia nyingine kushoto, na ikicheza pale katikati ndiyo mbovu. Sikufanya hivyo. Nilikwenda dukani nikanunua mbili kwa shilingi 70,000.

Jumamosi asubuhi nikaanza kazi na mpwa wangu. Ana miaka kumi na sita, anapenda magari kuliko anavyopenda kula, na mwili wake mwembamba unaingia mahali ambapo mimi siingii. Uani kwetu pana mteremko mdogo ambao kwa macho huuoni. Nilivuta breki ya mkono mpaka mwisho, nikaweka gia huru, na yeye akaingia chini na spana. Akafungua bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilipotoka ya nne na propela ikashuka, gari likaondoka.

Halikwenda mbali. Lilisogea labda hatua moja, tairi ya nyuma ikagota kwenye jiwe la kufulia na kusimama. Mguu wa kulia wa kijana ulikuwa umetokeza nje, kwenye njia ya tairi ile. Kati ya mpira na kisigino chake palibaki nafasi ya kiganja. Nilimshika mabega nikamvuta nje, na nakumbuka nilimvuta kwa nguvu mno kiasi kwamba alichubuka mgongo kwenye kokoto. Yeye alikuwa bado ameshika spana. Akaniuliza, "Mjomba, si ulivuta breki?" Nikaenda kuangalia. Breki ilikuwa imevutwa.

Hapa pana jambo ambalo kila mwenye Defender anapaswa kulijua kabla hajaingia chini. Breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu. Ina ngoma yake nyuma ya giaboksi ndogo, na inachokishika ni propela ya nyuma. Ukiitoa propela ile, breki inaendelea kushika ngoma yake vizuri kabisa, ila magurudumu ya nyuma hayana tena kinachoyaunganisha nayo. Hatari ni ile ile ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na kuliacha la pili chini: difu inaliruhusu lililo hewani lizunguke kinyume, na la chini linakwenda zake. Kufunga difu loki ya katikati, inayoziunganisha propela ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja, kunasaidia, kwa kuwa hapo breki inaishika na propela ya mbele, lakini mimi sikuwa nimeifunga, na hata leo siwezi kumlaza mtu chini ya gari kwa kuitegemea hiyo peke yake. Tafuta mahali tambarare, weka mawe makubwa au magogo mbele na nyuma ya tairi, kisha lisukume gari kwa bega uone kama linatikisika kwenda popote. Baada ya hapo ndipo mtu aingie.

Krosi nilizozitoa zilikuwa nzima. Nilizikalisha mpya, nikaliwasha gari, likagonga vile vile. Usiku ule sikulala vizuri. Kilichonisumbua zaidi ya zile elfu sabini ni kwamba nilimweka mtoto wa watu kwenye hatari kwa ajili ya kifaa ambacho hakikuwa na kosa lolote.

Wiki iliyofuata nililipeleka gereji. Fundi alizunguka nalo kidogo, akasema klachi imekwisha na huenda shafti ya ndani ya giaboksi imelika meno, hivyo giaboksi lazima ishuke. Jumla shilingi 850,000 pamoja na vifaa, na 30,000 ya kupima nililipa pale pale. Alikosea kama nilivyokosea mimi, kwa kusikiliza mlio bila kuitazama injini ikiwa kazini. Na kusema kweli, nilikuwa nimeshazimulika mauntingi kwa tochi siku za mwanzo, kulia na kushoto, nikaona ni nzima. Nikazifuta kwenye orodha.

Aliyeniokoa ni mzee jirani yetu ambaye aliendesha Land Rover za serikali tangu ujana wake hadi alipostaafu. Nilimkuta amekaa barazani, nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Naisikia inavyogonga ukipita hapa asubuhi. Umeshaitazama injini inavyocheza?"

Nikamwambia sijaitazama. Akachukua fimbo yake tukaenda.

Alitufanyisha jaribio ambalo halikugharimu hata shilingi. Boneti ikafunguliwa na kuegeshwa vizuri. Mawe yakawekwa kwenye tairi zote nne, na hapo mpwa hakusubiri kuambiwa. Mimi nikakaa kwenye usukani. Nilipotaka kuvuta breki ya mkono, mzee akanikataza. "Hiyo iache. Kanyaga ya mguu." Sababu yake niliielewa baadaye: breki ya mkono imefungwa kwenye giaboksi yenyewe, kwa hiyo ikishika, injini na giaboksi vinabanana vyenyewe kwa vyenyewe na injini haijipindui kama inavyojipindua barabarani. Breki ya mguu inashika magurudumu, na hapo injini inapata kitu cha kushindana nacho. Niliweka gia ya kwanza, nikakanyaga breki kwa mguu wa kulia, nikaachia klachi kidogo kidogo mpaka injini ilipoanza kulemewa, kisha nikaikanyaga tena. Halafu gia ya nyuma, vivyo hivyo. Wao walisimama ubavuni, hakuna aliyesimama mbele wala nyuma ya gari, na mpwa alikuwa akirekodi kwa simu.

Nilipoitazama ile video nilinyamaza. Kila klachi ilipoanza kushika kwenye gia ya kwanza, upande wa kushoto wa injini ulinyanyuka upana wa vidole vitatu, kisha ukaanguka. Ile "gu!" ilikuwa ni injini nzima ikitua juu ya chesi.

Upande wa kushoto una sababu yake. Injini hizi zinapovuta gari kwenda mbele, mwili wa injini unajaribu kujipindua kinyume na mzunguko wa shafti yake, kwa hiyo mauntingi ya kulia inakandamizwa na ya kushoto inavutwa kwenda juu. Mpira unavumilia kukandamizwa miaka mingi. Kuvutwa ndiko kunakouua.

Kwa nini basi tochi haikunionyesha? Mzee aliomba jeki na kipande cha ubao, akaviweka chini ya sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini, na kuinua injini kiasi cha unene wa kidole gumba. Mauntingi niliyoiona nzima ikafunguka kama kinywa. Mpira ulikuwa umebanduka kwenye sahani yake ya chuma karibu pande zote, umebaki ncha moja ndogo upande wa nyuma. Ndani ya ule ufa mlikuwa na vumbi la Mang'ola lililogandamana na oili, kavu na gumu, kuonyesha kwamba ulikuwa umekatika siku nyingi. Injini ile ina uzito wa zaidi ya kilo mia mbili, na gari likiwa limesimama uzito wote huo unakaa juu ya ufa na kuuziba. Kwa hiyo ukitaka kuzikagua mauntingi, kwanza ziondolee uzito, ndipo umulike.

Wapo wanaosema mauntingi iliyokatika ni kero ya mtikisiko tu, mtu anaweza kuendelea nayo. Sikubaliani. Injini inayonyanyuka inavuta kila kilichofungwa kwayo: mipira ya maji, waya wa ethi unaounganisha injini na chesi, bomba la ekzosi, kebo ya mafuta. Mwaka 1971 General Motors ya Marekani ililazimika kuyaita magari ya Chevrolet yapatayo milioni 6.7 kwa sababu hii hii. Mauntingi ilikuwa ikikatika, injini inanyanyuka, na mafuta yanaweza kubaki yamefunguka huku dereva akitaka kusimama. Wakayafunga waya wa chuma wa kuizuia injini isinyanyuke. Mimi na mzigo wangu kwenye ukuta ule wa bonde kati ya Mang'ola na Karatu sina nafasi ya kujaribu bahati ya namna hiyo.

Mafundi wa kule shambani wana dawa yao: wanakata vipande vya tairi la lori, wanavipanga, wanapitisha bolti katikati. Niliwahi kurudi nyumbani na mauntingi ya namna hiyo kwenye gari la rafiki yangu na tulifika salama. Ila vipande vile vinabeba uzito tu. Mauntingi ya kiwandani mpira wake umeshikamanishwa na chuma ili uweze kuvutwa pia bila kugusana chuma kwa chuma, na cha tairi hakiwezi kazi hiyo. Kikufikishe nyumbani, kisha ukitoe. Mimi vitunguu vilivyobaki shambani nilivilipia lori, nikaliacha gari uani.

Vifaa niliviagiza Arusha, kilomita kama 140 kutoka kwetu, vikaja kwa basi. Niliagiza mbili, ya kushoto na ya kulia, ingawa ya kulia ilikuwa haijakatika. Zina umri mmoja na zimeoga oili ile ile, na ukiweka mpya upande mmoja injini inakaa kwa kuinama. Bei dukani zilianzia 25,000 kwa moja. Nilichukua za 65,000. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji anitumie picha ya mauntingi ikiwa imelazwa ubavu pembeni ya rula, nikalinganisha na yangu urefu wa misumari yake yenye nyuzi na kimo cha mpira, kwa sababu Defender zimewekewa injini za aina nyingi na muuzaji anayesikia "Land Rover 110" tu anaweza kukupa ya injini nyingine. Zilipofika nilizikagua mkononi: msumari umesimama katikati bila kuinama, mpira umeshika chuma mzunguko mzima bila mwanya, na kucha ikikandamiza mpira unarudi. Mtumba usinunue hata ukipewa kwa bei ya chumvi, maana mpira unazeeka hata ukiwa umelala kwenye rafu.

Kazi yenyewe niliianza Ijumaa jioni kwa kumwagia nati zote nne mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyembamba, nikaziacha zinywe usiku kucha. Mauntingi moja ina nati ya juu, inayoshika mkono wa injini, na nati ya chini, inayoshika chesi. Asubuhi tuliliegesha gari kwenye sakafu ya zege ya banda, mawe kwenye tairi, na cha kwanza kufunguliwa kilikuwa waya wa hasi wa betri. Usiuruke huo. Injini ikiinuka waya mkubwa wa stata unasogea, na ukigusa chuma mahali palipochubuka utaunguza gari.

Jeki tuliiweka chini ya sampu. Sampu ya injini hii ni bati lililokandamizwa, ukiweka kichwa cha jeki moja kwa moja linabonyea, na likibonyea ndani linaweza kukaribia mdomo unaovuta oili. Lazima pawe na ubao mpana unaogusa eneo kubwa. Ubao wangu wa kwanza ulikuwa wa msonobari, ukapasuka tulipoanza tu kuinua. Tukashusha, nikaenda kwa seremala nikanunua kipande cha mninga cha shilingi 6,000, kipana kama sahani ya ugali. Hicho kilituvumilia hadi mwisho. Mpwa alipendekeza tutundike mnyororo kwenye tawi la mparachichi tuinulie injini juu. Nilimkatalia. Tawi la mparachichi linavunjika bila kutoa taarifa.

Nikapiga jeki taratibu huku nikitazama mauntingi ya kushoto ikifunguka. Na hapo nikafanya kosa langu la pili. Nilitazama mahali pamoja tu. Injini ikiinuka, feni inainuka nayo, lakini kava linaloizunguka feni limefungwa kwenye rejeta na haliinuki. Nilisikia mlio mwembamba, kama mtu anayekanyaga chupa ya maji. Kava likapasuka juu, na ncha ya panga moja la feni ilisimama karibu na vyuma vyembamba vya rejeta kiasi cha unene wa spana. Kava la mtumba lilinigharimu 40,000. Rejeta ingenigharimu mara nyingi zaidi ya hapo.

Basi kabla hujapiga jeki hata mara moja, fungua bolti za kava la feni ulisogeze au ulitoe. Kisha tembea kuizunguka injini yote uone ni nini kitavutwa: mpira wa juu wa rejeta, mipira ya hita pale nyuma, bomba la intakula (kipoza hewa inayoingia kwenye injini), waya wa ethi, ekzosi inapokutana na bomba la chini. Inua kidogo, simama, zunguka tena. Mtu wa pili awe na kazi moja tu, ya kutazama nyuma ya injini. Na injini haibaki juu ya jeki peke yake. Tuliingiza vipande vya mbao ngumu kati ya mkono wa injini na chesi kila tulipopanda, ili jeki ikilegea injini ikae juu ya mbao. Vidole havikuingia kwenye ule mwanya hata mara moja bila mbao kuwamo.

Nati za kulia zilifunguka kama zilivyotakiwa. Ya juu kushoto nayo ikaja. Ya chini kushoto ndiyo iliyotula saa tatu. Kwa kuwa mpira ulikuwa umekatika, nilipozungusha nati, msumari ulizunguka nayo, pamoja na sahani na mpira wote. Mauntingi nzima ingekuzuilia msumari, iliyokatika haikuzuilii. Nilijaribu kuibana sahani kwa koleo la kujifunga, likateleza. Nilijaribu patasi na nyundo, nikaumia kifundo. Hasira ikanipanda, nikaanza kupiga ovyo, na mpwa akanyamaza kwa namna iliyonifanya niache. Tukaenda kunywa chai.

Tuliporudi tulifanya jambo ambalo tungelifanya mwanzo. Tulishusha injini kidogo, uzito ukaukalia mpira na kuubana, na nati ikapata ukinzani. Ilizunguka mizunguko miwili ikakwama tena, lakini sasa palikuwa na nyuzi zilizo wazi za kuingiza msumeno wa chuma. Dakika arobaini za msumeno, kwa zamu. Mauntingi ya zamani huihitaji tena, ikate bila huruma. Ila funika kwa kitambaa kibichi kila kilicho karibu na uangalie usiukate mkono wa chesi.

Kabla ya kuweka mpya nilisafisha vikalio kwa burashi ya waya na mafuta ya taa, na nikatafuta oili ile ilikotoka. Ilikuwa inashuka kutoka gasketi ya kava la valvu. Mpira wa namna hii ukilowa oili kila siku unavimba, unalainika, unabanduka, kwa hiyo kubadilisha mauntingi na kuacha uvujaji ni kuinunua mauntingi nyingine mapema. Gasketi ilikuwa 18,000. Nilikagua pia mipira inayoshika giaboksi, kwa kuiondolea uzito vile vile. Ilikuwa mizima.

Kuzikalisha mpya kulikuwa kwepesi. Tuliweka zote mbili, nati na washa za springi mpya, tukazikaza kwa vidole tu. Tukashusha injini kidogo kidogo huku mpwa akiutikisa mkono wa injini ili misumari iingie yenyewe kwenye matundu bila kulazimishwa. Injini ilipokaa kwa uzito wake wote tuliiacha nusu saa, ndipo nikakaza, kwanza za chini kisha za juu. Ukikaza injini ikiwa bado imebebwa na jeki, mpira unafungwa ukiwa umepinda na unaanza kazi ukiwa na mvuto ndani yake.

Hesabu yangu iko hivi. Mauntingi mbili 130,000, nauli ya kifurushi 5,000, nati na washa 4,000, gasketi 18,000, ubao wa mninga 6,000. Jumla 163,000, ndiyo gharama halisi ya ugonjwa. Krosi 70,000, kupimiwa gereji 30,000 na kava la feni 40,000, hizo 140,000 ni gharama ya haraka yangu. Lori la vitunguu silihesabu humo, maana ningelilipa tu.

Jumapili saa kumi jioni nilirudisha waya wa betri nikawasha. Nilimwita mzee. Alikuja, hakusema neno, akaweka kiganja juu ya ubavu wa boneti akakaa hivyo muda mrefu. Nikazima. Injini ilijitikisa mara moja ikakaa kimya.

Baada ya safari nne za Mang'ola, kama kilomita mia tano, nililiegesha tena bandani. Nilipotoka kuchukua soketi nilikuta mawe yameshawekwa kwenye tairi zote nne, na mpwa amekaa juu ya ndoo akinisubiri. Tukapitia nati zote. Ya chini kulia ilikubali robo mzunguko. Tatu zilizobaki hazikusogea.